Mstaafu na magurudumu matatu

 Leo sitazungumzia bei ya mahindi wala mbolea, ingawa najua ndiyo habari inayoulizwa zaidi hapa Songea. Leo nataka tuzungumze juu ya mzee mmoja, mkewe, na chombo chenye magurudumu matatu.

Mzee huyo alinifundisha hesabu nikiwa darasa la nne. Alinichapa mara mbili, na mara zote mbili nilistahili. Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mwalimu tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alistaafu mwaka 2023, alipotimiza miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Kanuni ya mafao iliyoanza Julai 2022 ilimpa asilimia 33 kwa mkupuo, na asilimia 67 iliyobaki ikawa ya kulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Fedha hiyo ya mkupuo ndiyo tunayoiita kiinua mgongo, nanyi mnavijua vituko vyake. Siku ikiingia benki, mstaafu hugundua kwamba ana ndugu wengi kuliko alivyodhani, na kila ndugu ana mradi.

Mwalimu alifanya mambo yake kimya kimya. Aliezeka upya nyumba, akaweka fungu la matibabu, akalipa ada ya mjukuu. Kisha jioni moja akaja kwangu, akaketi, akanywa chai yote kabla ya kusema neno.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa redio, unasikia mengi. Nataka kununua chombo cha magurudumu matatu. Nisaidie kuchagua."

Ndugu msikilizaji, nilimjibu kama ambavyo wewe ungemjibu. Nilimwambia, "Hongera sana, Mwalimu. Nunua bajaji, tafuta kijana mwaminifu, akuletee hesabu kila jioni."

Akanitazama kama alivyonitazama zamani nilipomwambia kwamba saba mara nane ni hamsini na nne.

"Sikusema nataka hesabu," akajibu. "Hesabu nimefundisha miaka 36. Nataka kusafiri. Mimi na mama yenu."

Hapo nilinyamaza. Nilitambua kwamba katika mtaa wetu mzima hakuna aliyewahi kumwuliza mstaafu anataka nini. Tunamwuliza atafanya mradi gani. Atafuga kuku, atajenga vyumba vya kupangisha, ataweka bajaji barabarani? Kana kwamba mtu akishafanya kazi mpaka miaka 60, adhabu yake ni kutafutiwa kazi nyingine.

Mwalimu alinieleza. Amefundisha Tunduru, Namtumbo, Mbinga, akamalizia hapa mjini. Mkoa wa Ruvuma anaujua shule kwa shule. Lakini barabara zake alizipita juu ya magunia, nyuma ya malori, akivuta vumbi wakati wa kiangazi na kusukuma gari kwenye matope wakati wa masika. Alipokuwa Mbinga, kuteremka Mbamba Bay msimu wa mvua ilikuwa safari ya kuaga watoto. Leo mambo yamebadilika. Lami ya kutoka Namtumbo hadi Songea na ile ya njia panda ya Peramiho hadi Mbinga zilijengwa kwa msaada wa Marekani, chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa mwaka 2008. Baadaye zikaja kilometa 66 za kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 lami ikafika ziwani.

"Nchi imewekwa lami," Mwalimu akasema, "wakati miguu yangu imeanza kugoma."

Na kweli inagoma. Mwaka 2019 alianguka na pikipiki kwenye mchanga akienda shambani, goti la kulia likavunjika. Pikipiki ikiwa inakwenda haina uzito; uzito wake unaujua inaposimama na kuinama upande. Mguu usioweza kuuzuia uzito huo hauna kazi tena kwenye magurudumu mawili. Mama naye ana nyonga mbovu, kupanda bodaboda hawezi. Gari? Mwalimu alipiga hesabu ya mafuta, matairi manne, bima na fundi, akaona pensheni yake ya mwezi itakuwa inalisha gari kwanza, na watu baadaye.

Watoto wake walipopata habari walikuja juu. Mmoja alipiga simu kutoka Dar es Salaam akauliza kama baba ameanza kuchanganyikiwa. Lakini wazo hili si geni duniani. Mjukuu wake alimwonyesha katika simu picha za wazee wa Marekani, wenye ndevu nyeupe, wamepanda pikipiki kubwa za magurudumu matatu, mke nyuma, sanduku la nguo nyuma yake. Wale walianza zamani. Kampuni ya Harley-Davidson iliuza pikipiki ya matatu iitwayo Servi-Car tangu mwaka 1932 hadi 1973, ikitumiwa na polisi na mafundi wa magari. Ile ya safari ndefu, Tri Glide, ilitoka kwa ajili ya mwaka 2009. Kanada nao walitoa Can-Am Spyder mwaka 2007, yenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Na wanunuzi wake wengi ni watu wa makamo na wastaafu, watu walioendesha pikipiki ujana wote, kisha magoti yakawaambia basi.

Kwa hiyo hoja ya Mwalimu na hoja ya mzee wa Chicago ni moja. Tofauti iko kwenye barabara na kwenye mfuko. Tri Glide ina injini ya zaidi ya cc 1,800 na uzito wa zaidi ya nusu tani. Ikiharibika pale Kitai, utamwita fundi kutoka wapi? Hilo ndilo swali la kwanza la kununua chombo chochote cha safari: si kinakwenda kasi gani, bali kikisimama, nani atakifanya kitembee tena. Hapa Songea, kutoka Lizaboni mpaka Msamala, fundi wa bajaji yuko kila kona na spea ziko dukani. Jibu la swali hilo likapunguza orodha yetu mpaka vyombo viwili: guta na bajaji.

Tukaenda kuviona. Guta lilimvutia Mwalimu mara moja. Ni pikipiki halisi kwa mbele, ina tangi la mafuta katikati ya magoti, dereva amekaa juu, upepo unampiga usoni. Nyuma lina kitanda cha kubeba magunia. Nadhani alijiona kijana. Alipanda, akashika usukani, akatabasamu. Mama alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake. Akauliza swali moja tu:

"Nami nitakaa wapi? Na magunia?"

Ndugu wasikilizaji, nimesoma stashahada ya uandishi wa habari, nikafundishwa kwamba habari haikamilika bila kuuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Mwalimu nami tulikuwa na wiki tatu tunauliza nini na vipi. Mama ndiye aliyeuliza nani. Guta limetengenezwa kubeba mzigo, na mtu anayeketi kwenye kitanda chake amekaa mahali pasipotengenezwa kwa ajili ya mtu. Ukisikia guta limepinduka na abiria wakarushwa, kumbuka kwamba pale nyuma hapakuwa na kiti wala cha kushika.

Guta lina hatari nyingine isiyosemwa. Mtu aliyezoea pikipiki, akiona chombo kinayumba, hutoa mguu chini kujizuia. Kwenye magurudumu mawili mguu huo humwokoa. Kwenye matatu mguu huo hukutana na tairi la nyuma linalokuja. Mwalimu ameendesha pikipiki miaka mingi, na mguu wake haujui kwamba amestaafu. Ndani ya bajaji miguu imezungukwa na bodi, sakafu yake iko chini, na Mama aliingia bila kuinua nyonga. Akaketi, akaweka mkoba pembeni, akasema, "Hapa nimefika." Guta likaishia hapo.

Bajaji tunaidharau kwa sababu tunaiona kila siku. Asili yake ni Italia. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu hawakuwa na fedha ya magari, na mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ikatoa chombo cha magurudumu matatu kilichobuniwa na mhandisi Corradino D'Ascanio, yule yule aliyebuni Vespa. Kikaitwa Ape, maana yake nyuki. Nyuki huyo akaruka mpaka India, na kutoka huko akatufikia sisi, tukampa jina la kampuni ya Bajaj. Injini yake ni ya cc 200 hivi, ina gia nne za mbele na ya kurudi nyuma. Si chombo cha mbio. Lakini Mwalimu hana mahali anapochelewa.

Sasa ikaja kazi ya kujaribu, na hapa naomba wastaafu wote wategee sikio. Kabla ya kutoa fedha, Mwalimu alikodi bajaji ya kijana mmoja wa mtaani kwa siku nzima, Jumapili, tukaenda uwanja wa shule. Tukapanga mawe kama madebe ya kona. Mara ya kwanza alikwenda taratibu, vizuri. Mara ya pili akaongeza mafuta, akakata kona kwa mazoea ya pikipiki, na tairi la nyuma la upande wa ndani likainuka. Mimi nikapiga kelele. Bajaji ikarudi chini, ikasimama. Mwalimu akakaa kimya muda mrefu, mikono yote miwili kwenye usukani.

Kisha akashuka, akachukua kijiti, akachora mchangani pembetatu. Mwalimu ni mwalimu. Akaeleza kwamba pikipiki huinama kwenye kona, kwa hiyo uzito hufuata kona. Chombo cha matatu hakiinami. Uzito husukumwa nje. Na kwa kuwa mbele kuna tairi moja, ukifunga breki huku umekata kona, uzito hukimbilia mbele na nje, mahali ambapo hapana tairi la kuupokea. Ndiyo sababu wale wa Kanada waliweka mawili mbele. Kwetu sisi wenye moja mbele, dawa ni moja: punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Akarudia zoezi hilo mara thelathini. Nilihesabu.

Tukajaribu mwili pia. Breki ya bajaji inakanyagwa kwa mguu wa kulia, na goti lake bovu ndilo la kulia. Je, linaweza kukanyaga kwa nguvu, ghafla, tena na tena? Liliweza, goti lake huuma kwa kubeba uzito, si kwa kusukuma. Klachi na gia ziko mkono wa kushoto. Mkono wa mzee ukiwa na baridi yabisi, klachi ya mjini itamtesa. Wa Mwalimu ulichoka baada ya saa moja, basi akajua kwamba kila saa moja ni kupumzika. Mambo haya muuzaji hakuambii. Mwili wako ndio unaokuambia, ukiuuliza mapema.

Tuliangalia moja ya mkononi, bei nzuri, rangi inang'aa. Mwalimu akalala chini kifudifudi na suruali yake ya kanisani, akachungulia. Chini ya kiti cha abiria chasisi ilikuwa imechomelewa mahali pawili. Bajaji ya biashara huamka alfajiri na kulala usiku wa manane, leo kwa dereva wake, kesho kwa deiwaka. Miaka miwili yake ni kama miaka minane ya mtu binafsi. Akanunua mpya, na hakuzidisha theluthi ya kile kiinua mgongo. Hiyo ndiyo kanuni aliyojiwekea, nami naiona ya busara: chombo cha furaha kisile chakula cha uzeeni.

Karatasi nazo zina mambo yake. Leseni yake ilikuwa ya pikipiki ya kawaida. Chombo cha magurudumu matatu kina daraja lake, A2, na Mwalimu akarudi kuwa mwanafunzi, akakaa darasani na vijana wa miaka ishirini. Akakata bima, akasajili kwa matumizi binafsi. Habebi abiria wa nauli, na jirani akiomba lifti haombwi hata mia.

Bado watoto walikuwa na hofu, na hofu yao haikuwa ya kijinga. Barabara ya Mbinga ndiyo inayopita malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka. Lori la namna hiyo likikupita, upepo wake peke yake huisogeza bajaji. Kuteremka kutoka milima ya Mbinga mpaka ziwani ni jambo jingine: Mbinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Anayeteremka pale kwa gia huru ili kubana mafuta, au kwa breki peke yake, breki zitapata moto na kuchoka kabla mteremko haujachoka. Mteremko mkali huteremkwa kwa gia ndogo, injini ikiuma meno.

Kikao cha familia kilikaa nyumbani kwa Mwalimu, nami nikaalikwa kama shahidi. Watoto walisema yao. Mzee akasikiliza yote, kisha akatoa daftari la mazoezi, lile la kurasa 32, akasoma masharti aliyojiandikia mwenyewe. Hatasafiri usiku. Hatasafiri mvua ikinyesha. Mwendo hautazidi kilometa 45 kwa saa, na lori likija nyuma ataingia pembeni, alipishe. Kila kituo atapiga simu. Kila mwaka atapima macho. Sharti la mwisho alilisoma polepole: siku mtaalamu wa macho atakaposema hapana, au siku Mama atakaposema ameogopa, funguo zitakabidhiwa kwa mtoto mkubwa bila mjadala.

Hakuna aliyesema neno. Yule wa Dar es Salaam, aliyekuja kwa basi usiku kucha kwa ajili ya kupinga, ndiye aliyesema, "Sawa, baba."

Naomba mzingatie jambo hilo, ndugu wasikilizaji. Wazee wengi hunyang'anywa funguo, na wakishanyang'anywa huketi barazani wakiwa na hasira. Huyu aliandika mwenyewe siku ya kuziachia, kabla hata ya kuziwasha. Watoto walikuwa wanaogopa kwamba baba yao hajui kuwa anazeeka, wakakuta anajua kuliko wao.

Safari ya kwanza haikuwa ya ziwani. Walikwenda Peramiho, kilometa 24 hivi, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1898 na ambako Mama ana dada yake. Niliwafuata nyuma kwa pikipiki yangu. Kona zote alipunguza mapema. Malori mawili yalipita, na mara zote mbili bajaji ilikuwa tayari imesimama pembeni, taa zikiwakawaka. Walichukua karibu saa nzima. Tulipofika nilimwuliza Mama safari ilikuwaje. Akanijibu kwamba tangu wafunge ndoa, hii ni mara ya kwanza wamesafiri bila kumwomba mtu nafasi.

Mbinga wamekwenda mwezi uliopita, wakalala huko, wakarudi. Sasa masika yamekwisha, na Mwalimu ameniambia kwamba Jumamosi wanaanza safari ya Mbamba Bay kwa ndugu zake, siku mbili kwenda, kwa kuwa hana haraka. Daftari limo chini ya kiti. Vilevile limo gurudumu la akiba, waya wa klachi, plagi, na chupa ya uji.

Mimi nimebaki na aibu yangu ndogo, kwa jibu lile nililolitoa kabla sijauliza. Yawezekana nawe nyumbani kwako una mstaafu anayekaa barazani akitazama barabara, nanyi mnamtafutia mradi. Kabla hamjamnunulia vifaranga, mwulizeni anataka kwenda wapi. Kisha msaidieni kuchagua chombo kwa goti lake na barabara yake, si kwa macho ya majirani.

Kwa leo ni hayo tu. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.